Zulmira na Mtoto wa Vania

Wasikilizaji wapendwa, poleni na kazi za kutwa. Kama kuna chungu jikoni, punguzeni moto, msogeze kiti karibu na redio. Leo tuna msiba wa kuzungumza, na msiba hauzungumzwi kwa haraka.

Amefariki Bibi Zulmira Jaime. Wengi wenu mlio Magomeni, hapa Mtwara mjini, mlimfahamu kama Mama Celia. Mlimwona sokoni akiuza unga wa muhogo. Mlimwona kanisani, benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango. Alipenda sana kukaa karibu na mlango. Bibi Zulmira amefariki wiki iliyopita, nyumbani kwake, mchana, mikononi mwa binti yake Celia.

Narudia kwa waliofungua redio sasa hivi. Tunamkumbuka Bibi Zulmira Jaime wa Magomeni.

Mimi ni Fredi Nandonde. Juzi nilikwenda kutoa pole. Nikakaa jamvini na wafiwa, na Celia akanieleza habari za mama yake tangu asubuhi mpaka jua likapinda. Mwisho akaniambia, "Kaka Fredi, yaseme redioni. Mama mwenyewe hakuyaficha. Ni watu tu hawakuuliza."

Basi nayasema.

Zulmira alizaliwa ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Msumbiji. Alivuka mto akiwa msichana, kwa mtumbwi, pamoja na wazazi wake. Walikuwa wanakimbia vita. Ninyi vijana mnaotusikiliza, vilikuwa vita vya ukombozi. Wamsumbiji walikuwa wanapigana kumwondoa mkoloni Mreno. Sisi huku tulikuwa tumeshapata uhuru wetu, tukawapokea wapiganaji wao na wakimbizi wao. Mkoloni hakupendezwa. Ndege zake za vita zikawa zinavuka mto, zinakuja huku kwetu.

Zulmira na wazazi wake walifikia kitongoji kimoja kidogo, kiliitwa Nambeya, karibu na pale Ruvuma inapoingia baharini. Leo hamtakiona. Mto umehama, umekula ardhi ile yote. Wazazi wake walifia hapo hapo Nambeya, kwa maradhi, wakaacha shamba la mpunga. Zulmira akaolewa na Jeronimo, kijana mwenzake wa ng'ambo, aliyekuwa kuli katika bandari ya Mtwara. Jeronimo alikaa mjini, Magomeni, kwa ajili ya kazi. Zulmira alibaki Nambeya kwa ajili ya shamba. Mume alikuwa anakuja meli zikipungua.

Pale Nambeya Zulmira alikuwa na rafiki. Rafiki huyo aliitwa Vania. Mume wa Vania, Eduardo, alikuwa mpiganaji, yuko msituni ng'ambo. Wanawake wawili, waume wako mbali. Wakawa wanapika chungu kimoja.

Wakajifungua msimu mmoja. Zulmira alipata binti, akamwita Modesta. Vania alipata binti, akamwita Celia. Shikeni majina hayo mawili, wasikilizaji wapendwa. Modesta ni wa Zulmira. Celia ni wa Vania.

Watoto walilelewa kama pacha. Mmoja akienda mtoni kuchota maji, aliyebaki aliwanyonyesha wote wawili. Jeronimo alimwona Modesta mara moja tu, akiwa bado mchanga, kitovu hakijakauka. Kisha meli zikawa nyingi, akakwama mjini.

Ikafika mwaka sabini na mbili. Mpunga ulikuwa umeanza kuinama. Nanyi mnajua mpunga ukiinama ndege wanakuja, kwa hiyo wanawake wote wa Nambeya walishinda shambani kuamia, yaani kufukuza ndege. Zulmira na Vania waliwalaza watoto katika kibanda katikati ya shamba, kivulini, kanga moja chini na kila mtoto na nguo yake ya kumfunika. Zulmira akaenda upande mmoja wa shamba. Vania akaenda upande wa pili, kule mbali zaidi.

Lugha yetu ina jambo moja la ajabu. Yule mwenye mabawa anayekula mpunga tunamwita ndege. Na lile dude la chuma tunaliita ndege.

Celia aliniambia maneno ya mama yake kama alivyoyasikia. Alisema, "Mama alikuwa anasema: mtu mmoja alipiga kelele kutoka upande wa mto, ndege. Sisi tukaokota mawe. Tukatazama mpunga. Tulidhani ni wale wa kila siku."

Hawakuwa wale wa kila siku.

Zilitoka upande wa bahari, zinaruka chini chini. Bomu la kwanza lilipiga ukingoni mwa mto, kwenye mitumbwi. Moshi ukasimama. Watu wa Nambeya walikuwa wamechimba handaki mwisho wa shamba, maana ndege hizo zilishapita juu yao siku za nyuma bila kuangusha kitu. Sasa kila mtu alikuwa anakimbilia handakini.

Zulmira hakukimbilia handakini. Alikimbilia kibandani, nako kumejaa moshi na vumbi. Akashika mtoto aliyemgusa kwanza, akamkumbatia na nguo yake, akatoka. Mlangoni akapishana na Vania anayeingia. Hawakusemezana. Zulmira alikimbia. Alikuwa amefika nusu ya njia aliposikia sauti ya Vania nyuma yake, inaita kwa nguvu, lakini haikuwa sauti ya kulia. Ilisema, "Nenda. Wako ninaye."

Zulmira hakuelewa. Alikimbia tu.

Alielewa handakini, alipofunua nguo. Mtoto aliyekuwa mikononi mwake alikuwa Celia. Celia wa Vania.

Akainuka arudi. Wanawake wawili wakamshika miguu. Na hapo, wasikilizaji wapendwa, ndipo ndege ya pili ilipopita juu ya shamba.

Vania alikutwa hatua chache nje ya kibanda. Alikuwa amelala kifudifudi, na Modesta chini ya kifua chake. Alikuwa amemfunika kwa mwili wake wote. Haikusaidia. Wote wawili walikuwa wamekufa.

Sitasema zaidi ya hapo. Kuna watu wanasikiliza wakiwa na watoto.

Nilimuuliza Celia kama mama yake aliwahi kufikiri kwamba Vania naye alikosea kwa ajili ya moshi. Celia alitikisa kichwa. "Hapana. Alisema 'wako ninaye'. Alijua ni nani yuko mikononi mwake. Angeweza kumwacha amkimbilie wa kwake. Hakumwacha."

Watu wa Nambeya walizika haraka, mwisho wa shamba, kwa hofu kwamba ndege zitarudi. Vania na Modesta waliwekwa kaburi moja. Zulmira alitaka iwe hivyo.

Habari zilifika mjini. Jeronimo akaacha kazi bandarini, akaja Nambeya, sehemu kwa lori la jeshi na sehemu kwa miguu. Alimkuta mke wake amekaa chini mbele ya nyumba, na mtoto mgongoni. Akamfungua yule mtoto kutoka mgongoni, akambeba juu, akasema, "Modesta. Mwanangu, umepona."

Hebu jiwekeni mahali pa Zulmira. Baba wa mtoto hamjui mtoto. Mama wa mtoto mwingine ameshazikwa. Mume wa yule mwingine yuko msituni, pengine yu hai, pengine hayupo. Angenyamaza, nani angemlaumu?

Zulmira alisema, "Jeronimo, huyo si Modesta. Modesta nimemzika. Huyo ni Celia wa Vania."

Jeronimo alisimama palepale. Lakini hakumweka mtoto chini. Alimbeba vilevile mpaka walipofika njia ya magari, na kutoka hapo mpaka Mtwara. Celia aliniambia, "Mama alisema kwa ajili ya siku ile alimvumilia Baba Jeronimo mambo yote yaliyofuata."

Basi wakahamia mjini. Chumba kimoja, Magomeni. Na vita vikawafuata.

Wazee wa Mtwara mnakumbuka miaka ile. Mji wetu ulikuwa mbali na kila kitu. Barabara ya kwenda Dar es Salaam, mvua ikinyesha, haikupitika. Meli zilikuwa ndizo jicho letu. Lakini vita havikutuona mbali. Madirisha tuliziba kwa magunia. Koroboi iliwashwa chini ya meza. Mahandaki yalichimbwa uani, shuleni, kanisani, msikitini. King'ora kikilia, mtu alianza na kamba ya nguo. Alianua kitu chochote cheupe kabla hajajificha, kisionekane kutoka juu.

Zulmira alikuwa na sharti lake, na sharti hilo lilimgombanisha na akina mama wenzake. Aliwaambia, "King'ora kikilia, mshike mtoto aliye karibu nawe. Usimtafute wa kwako. Wa kwako atashikwa na mwenzako."

Akina mama hawakulipenda neno hilo. Mmoja wao, Mama Glory, mke wa mwalimu aliyehamia kutoka Mbeya, alimjibu, "Mama mzima anawezaje kumwacha mwanawe?"

Zulmira akasema, "Hamwachi. Anamwachia mwenzake."

Aliyenisimulia haya ni Mzee Mussa, jirani wa marehemu. Mzee Mussa wakati huo alikuwa mtoto wa miaka sita. Juzi alikuwa amekaa nami jamvini, kofia yake iko magotini. Alisema, "Watu walimwona mgumu wa moyo. Wengine walisema, kwa kuwa yule si wa kumzaa, haoni taabu kumwacha. Aliyasikia hayo."

Kisha ikaja alasiri moja. King'ora cha bandarini kikalia, na safari hii hakikuwa cha mazoezi. Ndege zilikuja kutoka upande wa Msimbati. Mizinga ya jeshi pale ufukweni ikaanza kufyatua. Vipande vya chuma vikawa vinaanguka juu ya mabati kama mawe. Watu wanakimbia, mbuzi wanakimbia, kila mtu anaita jina.

Mussa alikuwa bombani na ndoo. Mama yake alikuwa sokoni. Anasema, "Mimi niliganda na ndoo yangu. Miguu haikutaka. Nikamwona Mama Zulmira anatoka kwake. Celia alikuwa amesimama mlangoni mwa nyumba ya Mama Glory, analia, amenyoosha mikono. Mama Zulmira alimwona. Namhakikishia kila mtu kwamba alimwona. Lakini mimi ndiye niliyekuwa karibu naye. Akanishika mimi. Akanitia handakini, akanilalia juu."

Nilimuuliza, "Na Celia?"

"Mama Glory alitoka ndani. Celia alikuwa mbele ya miguu yake. Wanawe mwenyewe walikuwa uani, nyuma ya nyumba. Alisimama kidogo. Kisha akamshika Celia. Wanawe walishikwa na mpangaji wa nyumba ile."

Mabomu ya siku ile yaliangukia baharini, nje ya mlango wa ghuba. Samaki walielea wamekufa mpaka ufuo wa Shangani, na watu waliogopa kuwala. Hapa Magomeni hakufa mtoto hata mmoja. Lakini Mzee Mussa anasema kelele zilipokwisha, Zulmira hakutoka handakini. Alibaki amekaa, mgongo ukutani, mikono imelegea. Mama Glory alimletea Celia, akamweka mapajani pake. Zulmira hakuweza kumshika. Mikono ilikataa. Mama Glory akakaa naye chini mpaka mikono ikakubali.

Tangu hapo wale wanawake wawili waliitana dada.

Mzee Mussa aliniangalia akaniambia, "Ndugu mtangazaji, nina wajukuu. Maisha yangu yote najiuliza, yule mama alipata wapi roho ya kunichukua mimi. Sijapata jibu. Jana nimeshika jeneza, nikajua jibu silipati tena."

Wasikilizaji wapendwa, tunamkumbuka Bibi Zulmira Jaime wa Magomeni, aliyefariki wiki iliyopita.

Vita vya ukombozi vikaisha. Msumbiji ikapata uhuru mwaka sabini na tano. Watu waliokuwa huku wakaanza kurudi kwao, na waliokuwa msituni wakaanza kutokeza. Ndipo mtu mmoja aliyepita bandarini akamwambia Jeronimo: Eduardo yu hai. Eduardo anaulizia mke wake na mtoto wake.

Jeronimo alirudi nyumbani akiwa amekunja uso. Celia alikuwa na miaka mitatu na kitu, anamwita Jeronimo baba, anamwita Zulmira mama. Jeronimo akamwambia mke wake, "Mwambie wote walikufa. Vania na mtoto, wote. Nambeya nzima imetawanyika, nani atatubishia? Huyu tumemlea sisi."

Zulmira alikuwa anachambua mchele. Akasema, "Vania alikuwa na wa kwangu mikononi, akamshika mpaka mwisho. Leo mimi nimdanganye mume wake?"

Jeronimo akasema, "Mungu hajatupa mwingine, Zulmira."

Zulmira akasema, "Najua."

Na ni kweli, Mungu hakuwajalia mwingine. Zulmira hakuzaa tena maishani mwake.

Eduardo alikuja Magomeni asubuhi ya Jumapili. Alikuwa amekonda, amevaa suruali ya kijeshi na shati la kiraia. Alikaribishwa kiti, akakataa, akakaa kwenye ngazi. Zulmira alimsimulia yote. Shamba, kibanda, moshi, sauti ya Vania. Eduardo alisikiliza ameinamisha kichwa. Mwisho akauliza swali moja.

"Kama kila mmoja angemshika wa kwake, mke wangu angekuwa hai?"

Zulmira alimjibu, "Sijui, shemeji. Mimi nilikuwa mbele, yeye nyuma. Kila siku najiuliza hilo hilo. Sijui."

Eduardo akainua kichwa. Kisha akasema, "Asante kwa kutonificha."

Celia anakumbuka kidogo siku ile. Anakumbuka alishika fremu ya mlango. Anakumbuka Zulmira ndiye aliyembandua vidole, kimoja kimoja, taratibu, huku anamwambia, "Huyu ndiye baba. Nenda na baba." Anakumbuka Jeronimo hakuwepo. Jeronimo alikuwa ameondoka alfajiri, hakutaka kuona.

Alipoondoka yule mtoto, nyumba ile ikawa kimya. Jeronimo alikaa muda mrefu hasemi na mkewe, ila salamu na neno la chakula. Majirani waliona. Mama Glory alikuwa anakuja jioni, anakaa na Zulmira kibarazani, wanatwanga au wanasuka ukili. Hawakuwa na maneno mengi.

Zulmira angeweza kumfuata mtoto kumwona. Mto ni uleule, mtumbwi ni uleule. Lakini huko ng'ambo vikawaka vita vingine. Safari hii Wamsumbiji wenyewe kwa wenyewe. Njia zikafungwa. Miaka ikapita bila habari. Kila walipofika wakimbizi wapya, Zulmira alikwenda kuwatazama nyuso. Aliuliza, "Mnamjua Eduardo? Ana binti, Celia." Hakuna aliyemjua.

Mwaka themanini na saba, msichana mmoja alisimama kwenye uwanja wa nyumba ile. Miguu imevimba, kanga imechanika. Zulmira alikuwa anachekecha unga wa muhogo. Akamwambia, "Karibu, binti. Umetoka mbali. Unamtafuta nani?"

Msichana akasema, "Namtafuta mama."

"Mama yako anaitwa nani?"

"Zulmira."

Zulmira aliweka chekeche chini. Celia anasema mama yake hakulia wala hakumkimbilia. Aliuliza tu, "Baba yako yuko wapi?"

Celia akasema, "Amebaki."

Zulmira akaelewa. Eduardo alikuwa ameuawa njiani, wakikimbia. Kabla hajafa alikuwa amemweleza binti yake njia ya kufika Magomeni. Alikuwa amemwambia, kule yupo mwanamke ambaye hakunificha wewe. Nenda kwake.

Jioni Jeronimo alirudi kutoka bandarini, akamkuta msichana amelala chumbani. Akasimama mlangoni akamtazama. Kisha akatoka nje, akakaa kwenye ngazi, palepale alipokuwa amekaa Eduardo, akalia. Majirani walimsikia. Hakuna aliyecheka. Jeronimo alifariki miaka saba baadaye, na walioishi naye wanasema miaka hiyo saba alizungumza na mke wake kuliko yote iliyotangulia.

Celia aliolewa hapa hapa Mtwara. Amezaa watoto wanne. Mtoto wake wa kwanza, Innocent, ndiye aliyetupokea msibani. Maisha yaliendelea. Lakini nisiwadanganye, wasikilizaji wapendwa, kwamba Bibi Zulmira alipona. Hakupona. Kuna vidonda vinafunga juu tu.

Mnajua kazi za gesi zilipoanza kule Msimbati, helikopta zikawa zinapita juu ya mji. Vijana walitoka nje kuzishangaa. Bibi Zulmira, mtu mzima sana, alikuwa anainuka popote alipo. Anaingia uani kwa watu, anashika watoto wa majirani mikono, anawaingiza ndani. Mwanzoni kuna kina mama walikasirika. Kuna waliocheka. Celia akaenda nyumba kwa nyumba kuwaeleza. Baada ya hapo wazazi waliwaambia watoto wao, bibi akikushika mkono, nenda naye. Kaa naye mpaka helikopta ipite.

Nambeya hakurudi ila mara moja. Innocent alimpeleka na pikipiki, miaka michache iliyopita, alitaka kuona kaburi. Hapakuwa na kaburi. Hapakuwa na shamba. Palikuwa na maji ya Ruvuma, mapana, ya rangi ya udongo. Innocent anasema bibi yake alisimama ukingoni, akauliza kama pale ndipo penyewe. Mvuvi mmoja akamwambia, mama, zamani nchi kavu ilifika mpaka kule katikati ya maji. Bibi akamshukuru, akasema, "Turudi."

Wiki zake za mwisho akili ilikuwa inaenda na kurudi. Siku nyingine alimjua Celia. Siku nyingine hakumjua. Na kuna mchana mmoja, siku mbili kabla ya kufariki, alimtazama Celia kwa muda mrefu, akamwita Vania.

Celia hamkumbuki mama yake mzazi. Hana picha yake. Watu waliomjua wanasema anafanana naye. Celia akangoja.

Bibi Zulmira akasema, "Vania, mtoto wako nilimlea. Baba yake alipokuja, sikumficha."

Celia akasema, "Najua. Asante."

Bibi Zulmira akapumua. Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza jirani kuhusu kuku wake. "Na Modesta wangu yuko wapi?"

Celia aliniambia, "Kaka Fredi, hapo nilishindwa. Niseme nini? Mtu amengoja zaidi ya miaka hamsini kumuuliza mwenziwe swali hilo."

"Ukasemaje?" nikamuuliza.

"Nilimwambia, amelala."

Bibi Zulmira akafumba macho. Akasema, "Basi usimwamshe."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho yaliyosikika vizuri.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya wote tulio hapa studioni, natoa pole kwa dada yetu Celia, kwa Innocent na wadogo zake, kwa familia ya Mama Glory, kwa Mzee Mussa, na kwa wakazi wote wa Magomeni. Poleni na ninyi wa ng'ambo ya mto mnaotusikia, maana marehemu alikuwa wenu kabla hajawa wetu. Mungu amlaze mahali pema. Amlaze Zulmira, amlaze Vania, amlaze na mtoto Modesta.

Nina neno moja kabla sijawaachia.

Vita vile viko mbali sasa. Mahandaki tumeyafukia, tumejenga juu yake, na watoto wetu hawajui walipolala babu zao. Lakini ng'ambo ya Ruvuma bado hakujatulia. Bado wapo watu wanavuka, na baadhi yao mnaishi nao mtaa mmoja. Mnawaona. Yule mwanamke asiye na maneno mengi, anayekaa karibu na mlango. Huwezi kujua amemwacha nani nyuma, wala amembeba wa nani.

Kesho ukikutana naye bombani, usianze kwa kumuuliza kwao atarudi lini. Muulize kama amekula.